Mngurumo Hauuzwi Kirinyaga Road

Mpwa wangu mpendwa,

Huku Mombasa mamako anauliza lini utamleta mjukuu wake tumwone. Klipu zako nimezipata na nimezisikiliza zote, hata ile ya usiku ambayo jirani yako anasikika akifunga dirisha kwa hasira. Umeniuliza uifungie ekzosi gani hiyo Impreza STI yako ya mwaka 2006: ile ya titani, ile ya chapa ya HKS unayouziwa Kirinyaga Road huko Nairobi, au ile ambayo fundi wa mtaani amekuahidi kuichomelea kwa siku moja. Umri wangu wote nimeumalizia chini ya magari, kwa hiyo jibu ninalo, ila litaanzia mbali kidogo na hapo unapotazama wewe.

Unachokitafuta ni ule mngurumo wa kukatikakatika, ule wa Subaru za miaka ya tisini. Pole, mwanangu. Gari lako halina mngurumo huo, wala hakuna sailensa itakayolipatia. Muuzaji anajua, lakini akikwambia utarudisha pesa mfukoni.

Sababu iko mbele ya gari, si nyuma. Injini hiyo imelaza pistoni zake nne, mbili kulia na mbili kushoto, na silinda huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 2, 4. Namba 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili. Kwa hiyo upande mmoja hupiga mara mbili mfululizo, kisha wa pili nao mara mbili. Katika zile za zamani, moshi wa kushoto ulipitishwa kwenye paipu ndefu chini ya injini ili ukutane na wa kulia kabla ya kupanda kwenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Njia moja ndefu, nyingine fupi, basi mapigo hufika yakiwa yamepoteza nafasi zake. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja na mchi wa mmoja unachelewa: kila pigo lipo, lakini mwendo umepinda. Mwendo huo uliopinda ndio unaoupenda wewe. Hakuna mhandisi aliyeubuni ili upendeze vijana. Ulitokana tu na paipu zisizotoshana urefu.

Mwishoni mwa mwaka 2002 Subaru wakaibadilisha STI ya soko la Japani. Wakaipa tabo ya njia mbili na heda, zile paipu za kutoa moshi kwenye injini, zenye urefu unaolingana. Silinda 1 na 2 zikapewa mlango wao, 3 na 4 mlango wao, ili pigo la silinda moja lisiikabe nyingine inayojaribu kutoa moshi. Faida yake unaihisi kila unapokanyaga mafuta gari likiwa bado kwenye mizunguko midogo: tabo huamka mapema. Hasara yake, kama ni hasara, ni kwamba sauti ilinyooka. Ukitaka kuhakikisha, lipandishe gari kwenye shimo la gereji, fungua kinga ya chini, umulike tochi. Utaona moshi unapandishwa kwenye tabo kwa njia mbili zilizotengana hadi juu. Ukiziona hizo mbili, shauri la mngurumo limekwisha.

Najua utakalosema: si nibadilishe heda? Yawezekana. Lakini heda za zamani zina mlango mmoja na tabo yako ina miwili, kwa hiyo utabadilisha na tabo, na paipu ya kupandishia moshi, kisha kompyuta ipangwe upya. Utakuwa umelipa fedha nyingi ili gari lichelewe kuamka kuliko lilivyotoka kiwandani. Kazi hiyo nisingeifanya hata kwa mteja nisiyempenda.

Basi tuseme hununui mngurumo. Unanunua wepesi wa moshi kutoka, na sauti iliyo nzuri bila kuwa ya Subaru ya zamani. Hapo tunaweza kuzungumza.

Kila mtu huanzia nyuma kwa sababu ndiko kunakoonekana. Nguvu haziko huko. Tabo huzungushwa na tofauti ya presha kati ya moshi unaoingia na unaotoka. Ukipunguza kizuizi mara tu baada ya tabo, inazunguka kwa urahisi. Ndiyo maana daunipaipu ya inchi 3, ile paipu inayoshuka kutoka kwenye tabo, huleta badiliko ambalo sailensa peke yake hailileti. Na ndiyo hiyo hiyo inayoua injini.

Hapa tafadhali usinisome harakaharaka. Moshi ukitoka kwa wepesi zaidi, tabo inaweza kusukuma hewa kupita kiasi ambacho kompyuta ilipangiwa, na vali ya kupunguzia presha ikashindwa kuizuia. Hewa ikizidi bila petroli kuzidi, joto la ndani ya silinda hupanda na mchanganyiko hulipuka wenyewe pasipo mpangilio. Injini inaanza kugonga. Gari lako liliundwa kwa petroli ya Japani yenye oktani kubwa kuliko super ya kawaida ya vituo vyetu, kwa hiyo tangu mwanzo huna akiba. Kuna kijana aliyefunga daunipaipu akasema kompyuta ataishughulikia mwisho wa mwezi. Injini nikaifungua mimi. Ukingo wa pistoni kati ya ringi mbili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, na ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo unayoihisi kwa kidole. Mwisho wa mwezi ulimkuta anatafuta injini nzima.

Daunipaipu na kupanga kompyuta ni ununuzi mmoja. Kama pesa za vyote viwili hazipo, vyote viwili visubiri. Na siku ukienda kupangiwa, mwambie fundi kwamba gari hili hushuka pwani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huko ni nyepesi. Ukifika Mariakani hewa imeshakuwa nzito, na mpangilio uliobanwa hadi mwisho kule juu unaweza kuleta kugonga huku chini. Fundi mzuri huacha nafasi. Asiyekuuliza gari linatembea wapi, mwache.

Kuhusu kataliti, ile inayosafisha moshi, watakushauri uikate. Ndani yake mna platini na madini mengine ya thamani, kwa hiyo fundi anayejitolea kukukatia bure usidhani ana huruma sana. Ukishaiondoa, moshi mbichi utakufuata kwenye foleni ya Jogoo Road, mtoto akiwa kiti cha nyuma, na taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashibodi usiku na mchana. Siku ikiwaka kwa tatizo la kweli hutajua. Ziko kataliti za matundu mapana zinazofungwa pamoja na daunipaipu. Zinapunguza nguvu kidogo sana. Hilo ndilo shauri langu, na silibadilishi.

Sasa twende nyuma. Klipu zako zote zimerekodiwa gari likiwa limesimama, mtu anakanyaga mafuta. Hivyo ndivyo ekzosi zinavyouzwa. Wewe utaishi nayo gari likiwa safarini. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kwa kila mzunguko. Ukisafiri kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 100 kwa sekunde. Ni sauti nzito ya chini, na chumba cha gari huiitikia kikavuma nayo. Aliye nje haoni shida. Wewe uliye ndani ukikaa nayo kutoka Emali hadi Voi, kichwa kinauma, na mkeo ameshaacha kuzungumza tangu Mtito Andei.

Dawa ya mvumo ni rezoneta, ile chupa ya katikati ya paipu, pamoja na sailensa kubwa ya kutosha nyuma. Paipu iliyonyooka mwanzo hadi mwisho ni ya uwanjani. Tafuta mwenye STI kama yako aliyefunga ekzosi unayoitaka, mwombe akuchukue Thika Road kwa mwendo mmoja, na ukae kiti cha nyuma, si cha mbele. Kiti cha nyuma hakidanganyi.

Kipenyo cha inchi 3 kwa gari lako ni sawa. Lakini usimwambie hivyo yule rafiki yako mwenye Impreza ya 1.5 isiyo na tabo. Yeye moshi wake unahitaji mwendo kasi ndani ya paipu. Akiipanua atapata kelele na gari litakuwa zito kuondoka.

Titani sikushauri. Ni nyepesi kweli, zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito wa chuma cha ujazo uleule, na picha zake zinapendeza kwa ile rangi ya buluu. Lakini mlio wake ni mkali, na siku ikipasuka kwenye tuta, mchomeleaji anayeiweza ni wa kutafutwa. Chukua chuma cha pua cha daraja la 304. Nenda dukani na sumaku ndogo. Chuma hicho hakishiki sumaku, au kinaishika kidogo tu kwenye kona zilizokunjwa. Ikinasa kwa nguvu, unauziwa daraja la chini au chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Hicho cha kupakwa kitadumu Nairobi, lakini penye kuchomelewa mpako umeungua, na chumvi ya Mombasa huanza kula palepale.

Fundi wako wa mtaani simdharau. Wapo wanaochomelea vizuri kuliko viwanda. Muulize anakunjaje paipu. Kama kona zake zinabonyea, ile inchi 3 anayokuuzia ni inchi 2 na nusu mahali unapoihitaji. Chungulia na ndani kwa tochi: mshono mzuri ni mwembamba na umelala, uliotokeza vinundu huukwaruza moshi. Halafu angalia ataining'iniza kwa kitu gani. Akisema ataifunga kwa waya au kuichomelea moja kwa moja kwenye chasi, mshukuru uondoke. Injini hutikisika, na ekzosi lazima itikisike nayo juu ya mipira yake, ama sivyo itapasuka kwenye flanji.

Ile ya HKS inaweza kuwa nzuri sana, au isiwe HKS kabisa, maana bandia zimejaa. Sailensa nyingi za Japani zilizopimwa hubeba sahani ya chama chao, JASMA. Kwa magari ya rika la lako, sheria ya Japani iliweka kikomo cha desibeli 96, kikipimwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, injini ikizungushwa robo tatu ya mizunguko ya nguvu yake ya juu. Hizo desibeli 96 si kimya, usiogope. Na kama ni mtumba, ingiza kidole mdomoni mwake na uigonge kwa mkono. Ile sufi ya ndani huungua kwa miaka; ikiwa imekwisha, utasikia mlio mtupu, na sauti iliyopimwa Japani siyo utakayoisikia wewe.

Huku kwetu sheria ya barabara inataka sailensa inayofanya kazi, na kanuni za kelele za mwaka 2009 ziko chini ya sheria ya mazingira. Polisi wa usiku hahitaji kipimo akikusikia kabla hajakuona. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio huhesabu kelele kuwa mara mbili. Jirani yako analijua hilo bila kusomeshwa.

Kuhusu ile milipuko ya nyuma unayotaka wakuwekee kwenye kompyuta, iache. Tuliisikia kwenye Safari Rally, dereva McRae akishinda mwaka 1997 na mwenzake Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza, na tulipiga makofi. Gari la mashindano huchoma petroli ndani ya heda ili tabo isilale, na timu ina tabo nyingine kwenye lori inayosubiri. Wewe una mshahara wa mwezi.

Ningekuwa mimi, ningeacha heda kama zilivyo, nisiguse daunipaipu mwaka huu, na ningefunga sehemu ya nyuma tu: ya chuma cha pua, inchi 3, yenye rezoneta, iliyotengenezewa muundo wa gari lako, GDB, ikiwa na flanji na mipira mipya. Utapata nguvu kidogo tu, nisikudanganye. Sauti utaipenda, na utaweza kusafiri nayo.

Usitoe amana. Nenda kwanza ukaipige picha sahani yake, flanji zake na kila mshono, unitumie. Nikishaziona nitakupigia simu.

Ni mimi mjomba wako.