Sekunde 15 za Mtoto wa Darasa la Kwanza

Kipindi kimoja cha darasa la kwanza ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Katika darasa nililokaa kwa wiki moja mwezi Mei, katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Mwanza, daftari la mahudhurio lina majina ya watoto 120. Gawanya, ndugu msomaji, utapata sekunde 15. Huo ndio muda ambao mwalimu angeweza kumpa kila mtoto endapo asingeandika neno ubaoni, asingemfuta yeyote kamasi wala kuamua ugomvi wa penseli.

Sababu iliyonipeleka huko ni karatasi za mitihani ya wanafunzi wangu wa chuo kikuu. Kila muhula sisi wahadhiri husahihisha tukilalamika kwamba vijana hawasomi swali, au wanalisoma pasipo kulielewa. Lawama tunaitupia sekondari. Sekondari inaitupia shule ya msingi. Shule ya msingi inaitupia kwa wazazi, na huko inalala. Nilitaka kuona kusoma kunaanzaje. Mwalimu mkuu aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha plastiki, kwa sharti moja la busara: nisimsemeshe mtoto yeyote wakati wa kipindi.

Mwalimu wa darasa hilo ana cheti cha ualimu cha Daraja A na miaka tisa ya kazi. Jumatatu alifundisha sauti ya herufi m. Hakuitaja kwa jina lake. Aliitamka tu, midomo ikiwa imefumbwa, na darasa zima likavuma kama mzinga wa nyuki. Kisha ikafuata ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa mtoto anayejifunza kusoma, kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka. Aliyezishika irabu tano na kujua kuziunganisha na konsonanti hahitaji kukariri umbo la kila neno. Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza kutumika mwaka 2015 ulilenga jambo hilo hilo: mtoto wa darasa la kwanza na la pili asirundikiwe masomo, apewe ufunguo kwanza.

Ufunguo huo, hata hivyo, unatolewa kwa lugha ambayo watoto wengi wa pale wanaikuta shuleni. Mwalimu aliinua picha ya mvua, akauliza ni nini. Nusu ya darasa ikajibu, "Mbula!" Akainua picha ya maji. "Minzi!" Nilidhani atawakemea, maana nimeyaona hayo kwingine. Akasema, "Nyumbani tunasema mbula, shuleni tunasema mvua. Mbula inaanza na sauti gani?" Wakavuma tena. "Na mvua?" Wakavuma. Kwa maneno machache aliwaonesha kwamba sauti waliyokuwa wakijifunza walikuwa nayo vinywani tangu walipoanza kusema. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi tangu mwaka 1967, na mimi ni mtetezi wake mpaka ngazi ya chuo kikuu. Lakini kumtetea Kiswahili mbele ya Kiingereza hakutupi haki ya kumwaibisha mtoto kwa Kisukuma chake. Yule mwalimu alifanya kwa akili yake kitu ambacho sera zetu za lugha hazijapata kukisema waziwazi.

Tatizo kubwa zaidi nililitambua Jumanne, nilipoacha kusikiliza na kuanza kutazama. Darasa la watoto 120 hujibu kwa pamoja, kwani haliwezi kujibu vinginevyo, na kiitikio humficha asiyejua. Dawati la tatu kutoka dirishani walikaa watoto watano mahali pa watatu. Wa katikati alikuwa akifungua mdomo punde baada ya wenzake, akiwafuatisha kama mtu anayeitikia wimbo asioujua maneno. Kwa mkaguzi aliyesimama mlangoni, mtoto yule anasoma.

Mwalimu alikuwa amekwisha kumwona. Ana daftari lake, halimo katika nyaraka rasmi, lenye safu tatu: wanaosoma silabi, wanaokaribia, na bado. Kila siku wakati wa mapumziko, chai yake ikipoa mezani, huwaita watoto kumi mmoja mmoja na kuwasomesha kadi. Kwa mwendo huo huwamaliza wote kwa siku 12 za masomo, kisha anaanza upya. Alhamisi ilifika zamu ya yule wa dawati la tatu. Alitazama kadi ya kwanza, akamtazama mwalimu, akasema "ma". Ya pili, "ma". Mwalimu akazisogeza kadi zikagusana, akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko sekunde 15. Mtoto akasema "mama", kisha akalirudia mara tatu bila kuombwa. Usiku huo mwalimu alimhamishia safu ya pili.

Msongamano huu una historia. Ada na michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, watoto walimiminika madarasani, kama walivyomiminika baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977. Mlango ulistahili kufunguliwa, na anayesema ulifunguliwa mapema mno ajitokeze aseme ni mtoto yupi angebaki nje. Kiwango tulichojiwekea ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Cha kushangaza ni kwamba katika shule hii hii kiwango hicho kinakaribia kufikiwa: darasa la saba lina wanafunzi 48, na linafundishwa kwa zamu na walimu watatu wanaosifiwa kuliko wote. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini jedwali la ufaulu lingali limebandikwa ukutani ofisini.

Ndiyo maana kuanzia Julai mwalimu huyu anapelekwa darasa la saba. Uamuzi huo ulielezwa kama heshima. Tumejenga utumishi ambamo mwalimu hodari hupanda kwa kuondolewa kwa watoto wadogo, utadhani kumfundisha mtoto kusoma ni kazi ya anayeanza. Nawaomba maofisa wanaosoma ukurasa huu wafikirie mambo mawili yasiyosubiri bajeti ya mwakani: darasa kama hili ligawanywe, 60 asubuhi na 60 mchana, na mwalimu anayeanza na darasa la kwanza abaki nalo mpaka Desemba.

La pili si langu. Ijumaa mchana alikuwa akinakili majina ya kumkabidhi atakayempokea: 33 safu ya kwanza, 46 safu ya pili, 41 bado. "Mpaka Desemba tu, Dokta," aliniambia. "Nikiwaacha hawa Julai, atakayekuja ataanza kwa kujifunza majina yao."

Nilimpelekea mwalimu mkuu ombi hilo kabla ya kuondoka. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta droo, akanionesha ratiba ya darasa la saba. Mwalimu wa Hisabati alihamishwa Machi na nafasi yake haijajazwa. "Nichague darasa lipi, Dokta?" Nikamjibu kwamba mimi ningechagua la kwanza. Akaikunja ratiba taratibu, akasema mtihani wa Septemba utaandikwa jina lake, si langu.