Kwa Mpwa Wangu Mjamzito: Malazi ya Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga hulazwa chali, usiku na mchana, juu ya godoro bapa lisilobonyea, bila mto wala blanketi zito, uso ukiwa wazi. Kifo cha ghafla usingizini huwapata zaidi watoto wa miezi miwili hadi minne, na wengi wanaokufa hivyo hawajatimiza miezi sita. Hakiletwi na jicho la mtu. Mtoto aliyelala kifudifudi, au aliyezama kwenye kitu laini, huvuta tena hewa aliyokwisha kuitoa, hupata joto kupita kiasi, na huenda asishtuke upesi akajinasua.

Wazee wengi hupinga papo hapo: akilala chali atapaliwa akicheua. Hofu hiyo inaeleweka, ila maumbile yanaikanusha. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu na umio chini yake, kwa hiyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda ndipo yafike mapafuni. Akigeuzwa kifudifudi, umio ndio unaokuwa juu. Huko Marekani kampeni ya kuwalaza watoto chali ilianza mwaka 1994. Vifo vya ghafla vikapungua kwa zaidi ya nusu, wala waliokufa kwa kupaliwa hawakuongezeka.

Jambo gumu zaidi ni kulala na mtoto kitanda kimoja, na hapo Wamaori wa Nyuzilandi wana la kufundisha. Utafiti uliofanyika nchini humo kati ya 1987 na 1990 ulitaja hatari kuu: kulala kifudifudi, mama kuvuta sigara, kutonyonyesha na kulala pamoja. Wazazi walipoelezwa, vifo vilishuka haraka, lakini kwa Wamaori havikushuka kama kwa wenzao. Sigara wakati wa ujauzito ilikuwa imeenea miongoni mwao, na sigara ikikutana na kitanda kimoja hatari huongezeka sana. Kuwaambia wasilale na watoto wao hakukusaidia, kwani kwao, kama kwa Waswahili, mtoto kulala ubavuni mwa mama ndiyo malezi yenyewe. Katazo linalomtenga mama na mwanawe husikilizwa kliniki na kusahaulika nyumbani.

Katikati ya miaka ya 2000, daktari Mmaori David Tipene-Leach alishirikiana na wasusi wakabuni wahakura, kitanda kidogo cha majani ya harakeke, yanayosukwa kama ukindu wa mkeka. Kina kingo fupi na sakafu bapa. Huwekwa juu ya kitanda cha wazazi, mtoto akawa karibu na ziwa la mama lakini ana nafasi yake, asilaliwe na mtu wala kufunikwa na shuka la wakubwa. Tetemeko la Christchurch la Februari 2011 lilipozihamisha familia nyingi, vilisambazwa visanduku vya plastiki vya kazi hiyohiyo, na kila aliyepewa aliombwa awafundishe jamaa zake. Kati ya 2009 na 2015 vifo vya watoto waliopita wiki ya kwanza lakini hawajatimiza mwaka vilipungua nchini kwa asilimia 29, hasa kwa Wamaori na katika maeneo yaliyogawiwa vitanda vingi. Jaribio lililowahusu akina mama 200 lilionyesha pia kwamba waliopewa wahakura walionyonyesha bila kuchanganya vyakula hadi miezi sita walikuwa takriban mara mbili ya waliopewa vitanda vya kawaida.

Pasipo kitanda cha namna hiyo, mtoto hulazwa chumba kimoja na mama, mahali pake mwenyewe, hata kama ni godoro dogo lililobanana kando ya lile kubwa, bila mwanya wa kutumbukia. Sofa ni hatari kuliko kitanda. Aliyelewa, aliyekunywa dawa za usingizi au anayevuta sigara asilale na mtoto hata kidogo, awe baba au mama.

Bibi atakayekuja kulea arobaini asomewe barua hii mapema, hasa pale panapohusu kupaliwa.