Tulimcheka Nvouandou



Jumapili iliyopita, baada ya kugawa pesa za likelemba, hatukutawanyika haraka kama kawaida. Binti wa mmoja wetu alituletea filamu ya zamani kwenye flash, La Vie est belle, ya mwaka 1987. Tukakaanga sambaza, tukafunga mlango ili watoto wasiingie, tukawasha tele.

Wengi wetu tuliiona tukiwa wasichana. Siku zile tulimfuata Papa Wemba tu, roho yake ipumzike. Yeye ni Kourou, kijana wa kijijini anayefika Kinshasa akitafuta njia ya muziki, akampenda Kabibi. Kila mmoja wetu alijiona ni Kabibi. Tena mmoja wa watengenezaji wake wawili, Ngangura Mweze, ni mtoto wa hapa kwetu Bukavu. Hilo hatuachi kulisema.

Safari hii macho yetu yalikwenda kwa wakubwa: Nvouandou, tajiri mwenye baa ya muziki, na mke wake Mamou. Nguvu za kiume zimemwishia bwana huyu. Anapeleka shida yake kwa mfumu, na dawa anayopewa ni kuoa binti bikira, kisha akae siku 30 bila kumgusa. Tulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka. "Kwaresima ni siku 40," mmoja akapiga kelele, "huyu 30 zinamshinda!"

Kumbe kulikuwa na mwenzetu asiyecheka.

Mnajua habari yake, hatutamtaja. Mwaka juzi mume wake alifungua ile tunayoita biro ya pili. Alipokuja kwetu analia, tulimpa mashauri mengi: apike vizuri zaidi, anunue kitenge kipya, asali, asiulize maswali baba akichelewa. Tuliona tumemsaidia. Jumapili hiyo alituambia kwa sauti ndogo: "Mulinifundisha kupika. Hakuna aliyeniuliza kama mume wangu anaumwa."

Mume wake alikuwa na sukari. Aliijua miezi mingi kabla yetu, akaificha dawa kwenye koti. Mmoja wetu ambaye ni muuguzi akatueleza kwamba sukari na tansio vinaweza kumwondolea mwanaume nguvu hiyo, na kwamba watu wengi wanaona haya kulisema hata mbele ya daktari. Kwa hiyo baba yule naye alikwenda kutafuta dawa yake kwa msichana, kama Nvouandou. Hatusemi alifanya vema. Alimuumiza mwenzetu, na pesa ya shule ya watoto ilipotea njia hiyo hiyo.

Lakini tulipozima tele tulianza kujiuliza sisi wenyewe. Nani kati yetu amemwambia mume wake kwamba damu ya mwezi imekatika? Au kwamba usiku anatupa shuka kwa joto, siyo kwa hasira? Wawili waliinua mkono. Wawili, kati ya kumi na tatu! Wengine tunalala tukigeukia ukuta, na mzee naye anageukia mlango, kila mmoja akidhani amechokwa. Mama mmoja wa miaka 58 alisema mume wake anafikiri anamnyima kusudi, kumbe ni magoti yanamuuma. Tukacheka tena, ila siyo kwa nguvu kama kwanza.

Wakati wa kutoka, yule mwenzetu aliomba flash aende nayo nyumbani. Mume wake alirudi tangu Pasaka, lakini wanaongea habari za makala na za kodi tu.

Alhamisi tulikutana naye sokoni Kadutu. Alisema mzee alicheka sana mwanzoni, akaimba pamoja na Papa Wemba, na walipofika kwa mfumu akanyamaza. Kisha akaomba irudishwe nyuma kidogo, aione tena sehemu ile. Waliongea mpaka saa nane ya usiku.

Flash bado haijarudi. Hatumdai.