Butembo: Chupa nne kutoka Ulaya, sombe ya nyumbani na muziki uliokuwa umenyamaza

BUTEMBO – Chupa zilikuwa nne. Zilitoka Brussels ndani ya sanduku, zimefungiwa katika suruali za kazi, zikapanda ndege mpaka Entebbe, zikavuka mpaka Kasindi, zikapita Beni na kufika Butembo bila hata moja kupasuka. Aliyezileta ni shemeji wa mama mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Mbau, ambaye leo anaishi na watoto wake katika vyumba viwili vya kukodi pembeni ya mji. Shemeji huyo ni mpishi katika restora moja huko Ubelgiji. Alikuwa hajarudi nyumbani tangu ndugu yake auawe.

Kabla ya mtu yeyote kuonja, palitokea ubishi. Mama aliziangalia zile chupa, akauliza kila moja ni bei gani kule zilikotoka. Alipoambiwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema: « Shemeji, unajua kodi ya nyumba hii? Hapa umeweka mezani miezi minne. »

Shemeji hakuwa na jibu. Binti mkubwa ndiye aliyeamua jambo. Chupa moja iuzwe kwenye hoteli mjini, ilipe kodi ya mwezi unaofuata. Tatu zilizobaki zifunguliwe Jumamosi jioni, pamoja na chakula, jamaa yote ikiwepo. Mama alikubali, lakini kwa masharti: mtoto asiguse, hakuna kilauri bila chakula, na mtu asijaziwe.

Masharti hayo yana sababu. Wahami wengi wanajua jinsi pombe kali inavyoingia katika nyumba iliyopoteza shamba. Mwanaume aliyekuwa akiamka saa kumi na moja kwenda kwenye kakao yake anajikuta amekaa kutwa bila kazi, na kanyanga ni ya bei ndogo kuliko unga. Mama huyo aliona jirani akiuza mahema ya msaada ili anywe. Kwake yeye, chupa ilikuwa adui. Ilibidi shemeji amweleze kwamba kule anakofanya kazi, divai huhesabiwa kama kiungo cha mezani, kama vile pilipili au ndimu: inawekwa kidogo, ili chakula kisikike vizuri zaidi.

Neno lenyewe si geni hapa. Divai inajulikana Butembo na Beni tangu mapadri wa Assomption walipofika mwaka 1929, na hata leo sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya altare iwe ya zabibu, si ya tunda lingine. Ila zabibu zenyewe hazipendi milima yetu. Mzabibu unataka majira ya kupumzika, ama kwa baridi kali kama Ulaya, ama kwa ukavu mrefu. Ndiyo maana jirani zetu wa Tanzania wanaulima Dodoma, kwenye ukame, ambako wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kwetu mvua haikatiki vya kutosha. Kwetu ni ndizi, na ndizi zina kinywaji chao.

Jumamosi ilipofika, jiko liliwashwa mapema. Chakula kilikuwa cha kawaida: bukari ya muhogo, sombe iliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, makayabu yaliyolowekwa usiku mzima ili chumvi itoke, maharagi, na nyama ya mbuzi ambayo shemeji alinunua mwenyewe. Kuzunguka meza walikuwa watu wazima watano: mama, binti yake mkubwa, shemeji, bibi mzaa baba wa watoto, na jirani ambaye ni Mbatisti na hagusi pombe. Jirani aliwekewa maji ya maracuja, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa hakimu, kwa sababu kichwa chake kingebaki wazi mpaka mwisho.

Chupa ya kwanza ilikuwa divai nyeupe ya Ureno, inayoitwa Vinho Verde. Maana yake ni divai ya kijani, lakini si kwa sababu ya rangi: inaitwa hivyo kwa kuwa hunywewa ingali changa. Inatoka kaskazini ya Ureno, sehemu ya mvua nyingi, na ina uchachu na kilevi kidogo. Inapaswa kuwa baridi. Friji hakuna, kwa hiyo binti aliizamisha tangu mchana ndani ya mtungi wa udongo uliojaa maji, akauweka kivulini na kuufunika kitambaa kibichi. Usiku wa Butembo ulimaliza kazi.

Shemeji alikuwa na sababu ya kuianza hiyo na makayabu. Wareno ni walaji wakubwa wa samaki wa chumvi tangu zamani. Wanawapika kwa vitunguu, nyanya na mafuta, na pembeni wanaweka divai kama hiyo. Mama alionja samaki kwanza, halafu akanywa tone dogo, halafu akarudia samaki. Akasema chumvi imepungua. Haikupungua, uchachu wa divai ndio ulioisafisha mdomoni, kama ndimu inavyofanya. Kwenye sombe ikawa vivyo hivyo. Mawese ni mazito, yanabaki kwenye ulimi, na kile kichachu kinayafagia, ili tonge linalofuata liwe kama la kwanza.

Hapo hakimu akainua mkono. Alisema maji yake ya maracuja yamefanya kazi ileile. Alikuwa na haki. Anayetafuta kitu cha kunywa na sombe ya mawese, au na makayabu, hahitaji Ureno. Atafute kitu kichachu: maracuja yasiyotiwa sukari nyingi, au maji ya ndimu. Siri ni uchachu wenyewe, si bei ya chupa.

Chupa ya pili ilikuwa nyekundu, Beaujolais, kutoka milima iliyo kaskazini ya mji wa Lyon, Ufaransa. Zabibu yake inaitwa gamay. Hapo pakatokea aibu ndogo: kifungulio cha kizibo hakikuwepo katika nyumba nzima, wala kwa jirani. Mwishowe shemeji, mpishi wa Brussels, alikisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, na divai ya kwanza ikamrukia shati. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Divai nyekundu ina ukakasi, ile hali ya kukauka mdomo kama mtu aliyeng'ata ndizi mbichi. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Unaposhuka peke yake, unakamata mate na kuacha ulimi mkavu. Ukikutana na nyama, unakamata nyama badala ya mate, na divai inakuwa laini. Beaujolais ina ukakasi mdogo, kwa hiyo ilikaa vizuri na mbuzi, na hata na maharagi. Binti alijaribu kuinywa na makayabu, akakunja uso: ilimwachia ladha kama ya chuma. Bibi naye aliweka pilipili nyingi juu ya nyama yake, kisha akanywa, akalalamika kwamba Wafaransa wametia moto ndani ya chupa. Ndivyo ilivyo: kilevi na pilipili huchocheana. Mwenye kupenda pilipili anafaa kuchagua kinywaji chenye utamu kidogo na kilevi kidogo.

Bibi alikuwa na lake la kusema. Katika ujana wake alitengeneza kasiksi: ndizi zilizoiva, zikakamuliwa, zikatiwa unga wa mtama uliokaangwa, zikaachwa zichemke zenyewe kwenye mtumbwi wa mti. Aliizungusha Beaujolais mdomoni, akaimeza, akatoa hukumu: « Hii ni kasiksi iliyosahau mtama. » Kila mtu alicheka, lakini shemeji alikubali. Kazi ni moja: sukari ya tunda inageuzwa na chachu. Tofauti ni kwamba kasiksi inanyweka baada ya siku chache tu na haingoji mtu, wakati divai nyingine hungoja miaka.

Mpaka hapo hakukuwa na muziki. Na hili ndilo jambo ambalo wote walilijua na hakuna aliyelitaja. Baba wa nyumba hiyo alikuwa mtu wa rumba. Kule kijijini alikuwa na redio na kaseti za Franco, na siku za kuuza kakao zilisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Siku moja alikwenda shambani na hakurudi. Walimzika kwa haraka, wakakimbia, na redio ikabaki. Tangu kilio hicho, mama hakuruhusu muziki ndani ya nyumba, isipokuwa nyimbo za kanisa.

Shemeji alikuwa na bafle ndogo na simu. Hakuiwasha. Alianza tu kueleza kwamba Franco mwenyewe alifia Ubelgiji, katika jimbo la Namur, tarehe 12 Oktoba 1989, na kwamba Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé ilizaliwa Brussels mwezi wa Januari 1960, wakati wanasiasa wetu walipokuwa huko kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo. Alisema kwamba Matonge ya Brussels, usiku wa Jumamosi, inasikika kama nyumbani, na kwamba mwezi wa Desemba 2021 Unesco iliandika rumba ya Kongo, ya ng'ambo zote mbili za mto, kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mama alisikiliza akiwa ameinamia sahani. Kisha akasema: « Basi weka. Lakini weka polepole. »

Rumba ya zamani ina sehemu mbili. Mwanzo ni wa sauti, taratibu, wimbo unasimuliwa. Halafu magitaa yanachukua njia, inakuja sebene, na miguu haiulizi tena. Kwa mwanzo huo wa taratibu, divai nyeupe iliyobaki ilitosha. Sebene ilipoingia, bibi alisimama na kilauri cha Beaujolais mkononi, akacheza hatua nne bila kumwaga kitu. Mama hakucheza. Lakini vidole vyake vilipiga meza, na binti yake aliviona.

Chupa ya tatu ilikuwa Porto, ya Ureno pia, kutoka bonde la mto Douro. Hii ni tamu na nzito. Wakati zabibu zingali zinachemka, hutiwa pombe kali. Uchemkaji unasimama, sukari inabaki, na nguvu inafika karibu digrii 20. Ndiyo maana hutolewa kwa kilauri kidogo, mwishoni. Shemeji alisema kule Ulaya watu hupenda kuinywa na chokoleti. Akaomba radhi: alisahau kuileta chokoleti.

Mama aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kifuko cha kitambaa. Ndani mlikuwa na kakao kavu, kilo moja hivi, mavuno ya mwisho ya shamba lake. Alikuwa ameibeba mgongoni pamoja na mtoto siku ya kukimbia, na hakuiuza hata wakati wa njaa. Kwa miaka yote ya kulima, alisema, hakuwahi kuila. Wanunuzi waliipima, waliilipa, magari yaliichukua. Ni hivi karibuni tu watu wa hapa wameanza kusikia habari za chokoleti inayotengenezwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Wengi wa waliochuma kakao ya Beni walijua harufu yake wakati wa kuianika, na si zaidi.

Alimwaga nusu kwenye kikaango. Akazikaanga kama kahawa, taratibu, mpaka maganda yakapasuka na harufu ikajaa nyumba. Watoto waliamka, wakaja mlangoni. Wakazimenya pamoja, wakazitwanga kwenye kinu cha sombe na sukari kidogo, mpaka mafuta yake yakatoka na kuwa kitu kizito, cheusi, chenye chembechembe. Watoto walipewa kwa kijiko. Wakubwa walikula kwa ncha ya kisu, na kuteremsha kwa tone la Porto.

Kakao ilikuwa chungu. Porto ilikuwa tamu mno. Vikikutana, kila kimoja kilimrekebisha mwenzake. Hakimu Mbatisti alichukua yake na chai ya maziwa, akatangaza kwamba hiyo ndiyo iliyoshinda usiku mzima, divai au bila divai. Hakuna aliyebisha.

Mama alikaa muda mrefu na ladha hiyo mdomoni. Halafu akasema, si kwa mtu fulani: « Kumbe ndiyo hii waliyokuwa wanaitafuta. »

Rumba iliendelea polepole mpaka karibu saa nne, kisha bafle ikaisha moto. Divai ilibaki zaidi ya nusu katika chupa mbili. Masharti yalikuwa yameheshimiwa. Nusu ya kakao ilirudishwa ndani ya kifuko. Mkulima yeyote wa Mbau anajua kwamba kakao iliyokauka haioti tena, na mama anajua kuliko wote. Hata hivyo aliifunga, akaiweka mahali pake chini ya mto wa kulalia.

Jumatatu, chupa ya nne ililipa kodi. Ile ya Ureno iliyomalizika wiki hiyo ilioshwa, ikatiwa mawese, na sasa imesimama karibu na jiko ikiwa na karatasi yake ya kijani. Shemeji amerudi Brussels. Bafle ameiacha.