Upanga Alani



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tutafakari jambo ambalo huenda baadhi yenu hamkulitazamia kutoka kwa padre: michezo ya zamani ya kompyuta.

Mimi husafiri mara kwa mara kati ya Iringa na Mbeya, na mkobani mwangu imo kompyuta mpakato nyepesi, isiyo na nguvu nyingi. Michezo ya siku hizi haiiwezi. Lakini ipo programu iitwayo DOSBox, iliyotoka mwaka 2002, ambayo huiga kompyuta za zamani. Kwa msaada wake mashine hii ndogo huendesha bila taabu michezo iliyotungwa kabla vijana wetu wengi hawajazaliwa. Basi linaposimama Makambako, au umeme unapokatika usiku wa baridi na betri ingali na chaji, huufungua mmojawapo.

Je, kucheza ni dhambi? Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, nayo huhitaji burudani ili ipumzike. Mchezo wenye kiasi anauweka upande wa fadhila. Anakumbusha pia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili kuhusu upinde: ukivutwa daima pasipo kulegezwa, huvunjika.

Mchezo niupendao ni Prince of Persia, uliotungwa na Mmarekani Jordan Mechner na kutolewa mwaka 1989. Mechner alimpiga picha za video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha picha hizo kwa michoro. Ndiyo maana kijana wa mchezoni hutembea kama mtu hai. Kijana huyo amefungwa gerezani chini ya kasri, naye ana dakika 60 tu za kumwokoa binti mfalme. Akifa huianza upya hatua ile, lakini saa hairudi nyuma.

Njiani hukutana na kioo. Akiruka na kukipenya, kivuli chenye umbo lake hutokea upande wa pili na kutoroka. Baadaye kivuli hicho humtangulia kuinywa dawa, humfungia mlango, na karibu na mwisho humkabili kwa upanga. Hapo ndipo penye fundisho. Kila pigo analokipiga kivuli humjeruhi yeye mwenyewe. Akikiua, naye amekufa. Njia ya kupita ni moja tu: kuurudisha upanga alani na kukiendea bila silaha. Ndipo wawili huwa mmoja.

Wapendwa, nayasema haya kwa sababu ya nyumba zetu. Kuanzia Uyole hadi Mafinga wapo wazazi na vijana wanaogombana kwa ajili ya kompyuta. Baba humwona mwanawe ameinama mbele ya kioo, majani ya ng'ombe hayajakatwa, naye humwita mvivu asiye na maana. Kijana hujibu kwa ukali, kisha hunyamaza kwa majuma mazima. Kila mmoja anadhani anampiga adui, kumbe anayempiga amebeba sura yake na damu yake. Jeraha ni la wote wawili.

Bwana wetu alimwamuru Petro aurudishe upanga wake (Mt 26:52), naye Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao (Efe 6:4). Wewe mzazi, kabla ya kuificha kompyuta, keti kando ya mwanao, umwambie akuonyeshe anachokicheza. Huenda ukagundua kuwa anatafuta pumziko, au kwamba anakimbia huzuni ambayo hajapata wa kumweleza. Nawe kijana, ikate kwanza ile mizigo ya majani, kisha ujiwekee saa. Na saa ikifika, uinuke. Mchezo unaokurudisha kwa watu ukiwa mwepesi wa moyo ni pumziko. Ukikunyima sala, kazi na usingizi, umekuwa bwana wako.

Jioni hii, kabla ya sala ya familia, mmoja wenu na aanze kuurudisha upanga wake alani. Asingoje mwenzake aanze.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.