Kupanda Lushoto Kuifufua Seva

Basi lilitoka Mbezi, Dar es Salaam, kukiwa bado giza, likapita Chalinze, Segera na Korogwe, na mchana nikashuka Mombo. Kutoka hapo barabara ya Lushoto huiacha njia kuu ya Moshi na kupanda milima ya Usambara, kilomita zipatazo 33, kona juu ya kona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuipita. Kufika Soni, penye maporomoko ya maji, joto la bonde lilikwisha na abiria wakaanza kuvaa masweta.

Shule ya Lushoto iliyoniita ilikuwa na seva moja ya Ubuntu. Ndani yake mlikuwa na kazi za wanafunzi na Wikipedia ya Kiswahili iliyohifadhiwa kwa Kiwix, isomeke bila intaneti.

“Karibu, fundi,” mwalimu wa kompyuta alinipokea. “Umeme ulikatika ghafla. Uliporudi, seva ikagoma kuwaka. Tumeshauriwa tufute kila kitu tusakinishe upya.”

“Tusifute kitu, mwalimu. Kwanza tujue imefika wapi.”

Wanafunzi wakatuzunguka, nikawaeleza. Kompyuta ikiwashwa, programu ya ubao mama iitwayo UEFI hukagua vifaa, kisha huiita GRUB. GRUB hupakia kerneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na initramfs, mfumo mdogo wa muda unaoitafuta diski yenye mfumo kamili. Diski ikishafunguka, systemd huanzisha huduma zilizobaki. Basi likichelewa, watu hupiga simu Segera kuuliza kama limepita. Nasi tulipaswa kuuliza vivyo hivyo: seva imepita hatua zipi, na imekwama wapi.

Jibu lilikuwa kwenye skrini: neno initramfs, na kishale kikipepesa. Kwa hiyo GRUB ilikuwa imemaliza kazi yake, na kerneli ilikuwa imeshapakiwa. Kilichokwama ni kufungua diski. Mistari ya juu yake ilisema mfumo wa mafaili una hitilafu na unahitaji kukaguliwa kwa mkono.

Kabla ya kurekebisha chochote niliwasha seva kwa flashi yenye Ubuntu, nikaifungua diski kwa kusoma tu, tukanakili kazi za wanafunzi mahali pengine. Hatua hii wengi huiruka, na hapo ndipo data nyingi hupotea. Nilipima pia afya ya diski kwa smartctl, ilikuwa nzima. Ndipo tukarudi kwenye initramfs na kuandika fsck -y pamoja na jina la sehemu ya diski. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, orodha za mafaili huweza kuachwa nusu. Fsck huzipitia na kuzipatanisha. Ilipomaliza tukaandika exit, na safari ya kuwaka ikaendelea.

Ikasimama tena mbele. Skrini ilihesabu sekunde 90 ikingoja diski fulani, kisha ikaingia hali ya dharura. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasema, “Mwalimu, ile diski ya nje si ilipelekwa ofisini?” Alikuwa amelipata jibu. Diski ile ilikuwa bado imeandikwa katika /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mfumo huzifungua unapowaka. Nikampisha kwenye kibodi. Akaongeza neno nofail kwenye mstari wa diski hiyo, ili siku isipokuwepo mfumo uendelee bila hiyo. Akaiwasha upya, na seva ikawaka hadi mwisho.

Jioni wanafunzi waliandika utaratibu wote kwa Kiswahili, wakaubandika ukutani: soma skrini, tambua hatua iliyokwama, nakili data, ndipo urekebishe. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki alipoitangaza Linux, msingi wa Ubuntu, mwaka 1991, na tangu hapo mfumo huu umejengwa na watu walioruhusiwa kuufungua na kuuchunguza. Ruhusa hiyo ni ya wanafunzi wa Lushoto pia. Shule inayonunua seva inunue na kifaa cha kuilinda na umeme unaokatika, lakini zaidi ya hapo iwafundishe watoto kuifungua, maana fundi wa kutoka Dar es Salaam hawezi kuwa ndiye tegemeo lao.