Kidole Gumba na Hendeli

Atakaye kuujua utamaduni wa taifa aghalabu hupelekwa kutazama ngoma, mavazi ya wazee, au vitu vilivyohifadhiwa katika nyumba ya makumbusho. Hayo ni sawa. Lakini mimi nilijifunza jambo moja la utamaduni mahali nisipopatazamia: chini ya mwembe, kijijini Mpitimbi, kusini mwa mji wa Songea, mbele ya Land Rover ya mwaka 1969.

Gari hilo nililinunua likiwa kuukuu, karibu na kustaafu kwangu ualimu. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa sababu magari ya aina hiyo yalipotokea Uingereza mwaka 1948, feleji ilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo bodi haili kutu, ingawa chesisi iliyo chini yake huliwa. Mwezi wa Januari mwaka 2016 kiwanda cha Solihull kiliunda gari la mwisho la ukoo huo. Tangu hapo uhai wa magari hayo umo mikononi mwa wanaoyatengeneza, nami nilijiona mmoja wao.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali na betri haina moto, nilichukua hendeli ili niiwashe injini kwa mkono. Jana yake nilikuwa nimefungua distribyuta, nikairudisha kwa kukisia tu, maana nilikuwa na haraka. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alisimama kando akitazama. Mara ngapi nilikuwa nimemwonya kwamba mwenye kuzungusha hendeli huweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, na kwamba huivuta hendeli kwenda juu, wala haisukumi kwenda chini! Sheria hiyo ina sababu yake. Cheche ikiwaka mapema mno, kabla pistoni haijakaribia juu, mlipuko huirudisha pistoni chini. Injini hugeuka kinyume, na hendeli humpiga aliyeishika. Vidole vinne hufunguka vyenyewe. Gumba lililozunguka upande wa pili halina pa kukimbilia.

Mimi, mwalimu wa sheria hiyo, niliikumbatia hendeli kwa kiganja kizima. Injini ilikohoa mara moja, na hendeli ikarudi kama teke la punda.

Mganga wa zahanati aliniambia kwamba mfupa ni mzima, ila kiungo kimeteguka. Akanifunga bendeji, akaniagiza nisishike kitu kizito kwa majuma matatu. Majirani walipokuja kunipa pole, niliwaambia, "Gari hili lina kichaa. Limenipiga." Mpwa wangu alikuwapo. Aliinamisha macho, asiseme neno. Ukimya wake uliniuma kuliko kidole.

Msomaji, mtu hajui kazi ya kidole gumba mpaka akikose. Sikuweza kufunga kifungo cha shati, wala kushika spana, wala kubonyeza tonge la ugali nipate kuchotea mboga. Basi nilikaa juu ya kigoda, nikamkabidhi kijana vyombo vyote, nikawa naagiza kwa mdomo.

"Kaza kidogo," nilimwambia.

"Kidogo ni kiasi gani, mjomba?"

Nilifungua kinywa, nikakosa jibu. Miaka yote mkono wangu ulikuwa ukijua. Mimi mwenyewe sikuwahi kuulizwa. Nilikumbuka jinsi wahunzi wa kale walivyofundisha: mwanafunzi alivuta mivukuto na kutazama, na mkono wa mkubwa ndio uliosema. Njia hiyo ina nguvu yake, kwani jicho hujifunza mambo ambayo maneno hayayafikii. Lakini ina hatari yake pia: mkono ukifa, elimu huzikwa nao. Wangu ulikuwa umefungwa bendeji tu, na tayari ulikuwa bubu.

Kwa hiyo tulichukua daftari, tukaanza upya. Tuliandika kwamba mwanya wa pointi za distribyuta ni milimita 0.35 hadi 0.40. Tuliandika kwamba silinda hupokea cheche kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Tuliandika namna ya kuitafuta saa ya cheche bila kukisia: ukiisha kuiweka silinda ya kwanza kwenye alama yake, unabana karatasi nyembamba kati ya pointi, kisha unaizungusha distribyuta polepole, pale karatasi inapoachia, ndipo cheche inapozaliwa. Nilifurahi kuona jinsi maneno ya wageni, kama spana, pistoni na hendeli, yalivyokaa katika sentensi zetu pamoja na cheche, mwanya, kaza na legeza, bila ya kugombana. Gari lilitoka ng'ambo, lakini maarifa ya kulitunza yalikuwa yakiandikwa kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kijana wa Mpitimbi.

Siku ya tatu ya kazi hiyo alisema taratibu, "Mjomba, cheche ilikuwa inawahi." Hakutaja aliyeiweka hivyo. Jioni, majirani walipopita kunijulia hali, nilimwita mpwa wangu akae karibu, nikasema mbele yao: "Gari halina kichaa. Mimi ndiye niliyekisia, na mimi ndiye niliyeshika hendeli vibaya." Wazee walicheka, nami nikacheka. Kijana hakucheka, ila tangu jioni ile aliuliza maswali mara mbili ya yale aliyozoea kuuliza.

Bendeji ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyezungusha hendeli. Mimi nilitazama gumba lake tu. Lilikaa pamoja na wenzake. Akavuta juu mara mbili, na injini ikaitika.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Zamani nilidhani neno hilo linahusu nguvu. Sasa naona linahusu elimu pia: mkono unaojua wahitaji kinywa kinachoeleza, na mwalimu amhitaji mwanafunzi wa kumwuliza kidogo ni kiasi gani. Asubuhi za baridi kidole changu bado huuma. Daftari lile limo ndani ya gari, nalo lina madoa ya oili katika kila ukurasa.